Nyumba ya pembeni inauzwa

Jana asubuhi natoka kwenda kazini nakuta jamaa yuko juu ya ngazi anapigilia kibao kwenye ukuta wa nyumba ya pembeni, kimeandikwa Ar Werth. Ni Kiwelshi hicho, maana yake inauzwa, ni katika maneno ya kwanza kabisa nliyojifunza huku manake vibao vyake viko kila kona. Nkasimama pale nakiangalia, basi likanipita, nkachelewa shifti. Hiyo nyumba ni ya bibi. Sio bibi yangu wa damu, ila tumechangia ukuta mmoja miaka sita, nikikohoa usiku asubuhi ananiuliza kama nimekunywa kitu cha moto. Na kwa vile watu hawaishi kuniuliza eti ni kweli Wales nyumba ni bei rahisi, basi leo nasema yote.

Kwanza mjue ninapokaa. Ni kijiji kilichokaa ubavuni mwa mlima, bonde la Rhondda, kusini mwa Wales, unapita Pontypridd unazidi kupanda. Usifikirie kijiji cha mashamba. Ni safu za nyumba zilizoungana, hamsini sitini bila kuachiana hata upenyo, zimefuata mkunjo wa mlima, mtaa mmoja juu ya mwingine, yani dirisha langu la jikoni linaangalia mlima unaopanda na dirisha la mbele linaangalia mapaa ya mtaa wa chini. Mlango wa mbele unatokea barabarani moja kwa moja. Nyuma kuna kichochoro wenyewe wanakiita gwli, huko ndo yanakaa mapipa ya taka, na kondoo wa mlimani washalijua hilo, wanashuka alfajiri wanayaangusha halafu mnaamka mnafagia maganda pamoja, na mimi majirani wengi nimewajulia hapohapo kwenye kufagia.

Hizi nyumba zilijengwa kwa sababu moja tu, makaa ya mawe. Katikati ya karne ya 19 hili bonde lilikuwa na watu wachache sana, wafugaji. Sensa ya 1921 ikakuta zaidi ya watu 160,000. Hao wote walikuja kuchimba, na wachimbaji wengi hawakusubiri tajiri awajengee, walianzisha vyama, kila mtu anachanga kidogo kila mwezi mpaka safu ya nyumba inasimama. Ukuta wa mawe ya mlima huuhuu, paa la vigae vya sleti kutoka machimbo ya kaskazini. Shida ilikuwa ardhi. Ardhi ya wakubwa, wanakukodishia miaka 99, ikiisha miaka nyumba uliyoijenga kwa jasho lako inarudi kwa mwenye ardhi. Bibi alinihadithia jinsi baba yake alivokuwa akiihesabu ile miaka, mpaka sheria ya 1967 ikaja ikawapa watu haki ya kuinunua ardhi iliyo chini ya nyumba zao. Alikuwa akisema baba yake siku alipopata ile karatasi hakula, alikaa tu nayo mezani.

Mgodi wa mwisho mkubwa wa Rhondda, wa Maerdy, ulifungwa Desemba 1990. Leo bonde zima lina watu chini ya nusu ya wale wa 1921. Kazi zimeondoka, nyumba zimebaki palepale, na hiyo ndo siri yote ya bei. Hakuna kingine.

Mi nlinunua mwaka 2019, pauni 72,000, vyumba vitatu. Kabla ya hapo nlikuwa napanga chumba Cardiff, mji mkuu wa Wales, hela niliyokuwa nalipa kwa chumba kile kimoja na choo cha kuchangia na watu wanne ikatosha rejesho la mkopo wa nyumba nzima huku, na chenji ikabaki. Kianzio kilikuwa asilimia 10, yani 7,200, niliidunduliza miaka minne kwa shifti za usiku. Kwa hiyo nisiwadanganye, kwangu mimi ilikuwa rahisi kweli na namshukuru Mungu mpaka leo.

Sasa ile ya bibi dalali ameiweka 125,000. Ni nyumba ileile kama yangu, ila geuza kushoto kuwa kulia. Mtu wa mbali anaiona bado ni bure, manake bei ya wastani Wales nzima sasa imepita pauni laki mbili, na London kwa hela hiyo hupati kitu. Bado hapa na kule Blaenau Gwent, halmashauri nyingine ya mabonde ya kusini, ni kati ya sehemu zenye nyumba rahisi kabisa Wales. Lakini rahisi kwa nani? Mshahara wa huku haujapanda hivo. Mtu anayefanya kazi ghalani au dukani au kama mimi kuhudumia wazee, kile kilichoongezeka kwenye hiyo bei toka 2019 ni zaidi ya mshahara wa miaka miwili. Halafu riba. Mwaka 2021 riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1, kufika Agosti 2023 ikawa 5.25. Mkopo wangu nliufunga miaka mitano kwa asilimia 2 na kitu, ulipoisha 2024 nkapewa karibu 5, na kila mwezi naisikia hiyo tofauti, naisikia kwenye chakula na kwenye gesi.

Na kuna mambo ambayo bei ya kibao haikuambii.

La kwanza unyevu. Hizi kuta ni jiwe tupu, hazina ule uwazi wa katikati kama nyumba za baadaye, na wazee walizijenga kwa chokaa ambayo inapumua, mvua ikiingia kidogo inatoka. Miaka ya baadaye watu wakapiga lipu ya simenti nje ili zipendeze. Simenti haipumui. Ikipata ufa maji yanaingia yanakaa, chumba cha mbele ukutani panakuwa peusi, nguo kabatini zinanuka. Mi mwaka wa kwanza nlipaka rangi mara mbili, dawa ya fangasi sijui chupa ngapi, mpaka fundi mmoja mzee wa hukuhuku akaja akabandua lipu ya simenti upande wa mbele wa nyumba akarudishia ya chokaa, akaniambia acha, usipake kitu, ipe nyumba miezi sita ikauke yenyewe. Ikakauka. Kama unanunua nyumba ya mawe Wales jifunze hilo kabla ya kitu chochote, kuna watu wanauziwa madawa ya maelfu ya pauni ya kuchoma ukutani na shida ilikuwa simenti tu na bomba la mvua lililopasuka.

La pili ni mlima wenyewe. Ukinunua nyumba maeneo haya wakili wako anaomba ripoti ya migodi, inaonyesha kama kuna shimo la zamani karibu, kama ardhi imewahi kutitia. Yangu ilikuja na kurasa nyingi nkazisoma usiku mzima. Na juu ya vijiji vingi kuna vifusi, yale mataka ya mgodini waliyoyamwaga mlimani miaka na miaka, Wales nzima kuna zaidi ya 2,500. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa maana yake. Bonde la jirani ndo Aberfan, tarehe 21 Oktoba 1966 kifusi kiliporomoka asubuhi juu ya shule, wakafa watu 144, na 116 kati yao ni watoto. Februari 2020, mwaka wangu wa kwanza kamili huku, ikaja dhoruba iliyoitwa Dennis, kifusi cha juu ya kijiji cha Tylorstown, Rhondda hukuhuku, kikateleza mpaka mtoni. Hakuna aliyeumia. Lakini ule usiku wa mvua bibi hakulala, alikuwa amekaa na koti lake na viatu, na mi nikakaa naye. Alinihadithia mwaka 66 alikuwa wapi, sitaandika hapa, ni yake. Mwaka 2025 bunge la Wales, wanaliita Senedd, likapitisha sheria ya kuunda mamlaka ya kuvisimamia hivi vifusi. Toka 1966 mpaka 2025, hesabu mwenyewe.

Mengine ni madogo madogo. Barafu ikishuka basi halipandi, unashuka chini unatembea kilima na mifuko. Treni ya bonde walifunga njia karibu mwaka mzima, 2023 mpaka mwanzo wa 2024, waweke umeme, tukapanda mabasi ya mbadala, sasa treni ni mpya na nzuri na nna wasiwasi kwamba ndo zitakazopandisha bei zaidi manake wa Cardiff nao wanaanza kutuona.

Ila maisha jamani. Mi sijawahi kukaa mahali watu wanaangaliana hivi. Wiki ya kwanza nimehamia, kabla sijafungua maboksi, mlango umegongwa mara nne, mmoja ana keki, mwingine ananiuliza siku za taka nnazijua, mzee mmoja kaniletea spana ya kufungia maji barabarani akasema kaa nayo, huwa inahitajika usiku. Bibi alikuwa ananiita bach, kidogo hivi, mpendwa hivi, nna miaka arobaini na kitu naitwa mdogo. Nkifanya usiku anapokea vifurushi vyangu. Akitaka mkate nampitishia. Funguo yake ninayo mimi na yangu alikuwa nayo yeye, imetundikwa jikoni kwake kwenye msumari, nadhani bado ipo pale.

Machi alianguka ngazini. Hospitali, halafu akapelekwa kwenye nyumba ya wazee, na hatarudi, miguu haimbebi tena. Mi ndo kazi yangu hiyo kwa hiyo najua kinachofuata, na bado kilinichoma. Wales ukiwa na mali inayozidi pauni 50,000 unajilipia mwenyewe gharama za kutunzwa kwenye makao. Kwa haki ya Mungu ni afadhali kuliko England ambako kikomo ni 23,250. Lakini nyumba nayo inahesabiwa kama mali. Wiki 12 za kwanza hawaihesabu, baada ya hapo inahesabiwa, isipokuwa kama mume au mke au ndugu aliyepita miaka 60 bado anaishi humo. Bibi alikuwa peke yake. Kuna mpango wa halmashauri kukulipia kwanza halafu wanakata nyumba ikija kuuzwa, familia wakakaa wakaujadili, wakaona deni linakua kila wiki na nyumba tupu inaoza, bora kuuza. Siwalaumu. Ila fikiria, baba alihesabu miaka akaipata ile ardhi, binti akaitunza maisha yake yote, halafu inakwenda kulipia kitanda chake cha mwisho. Kila mwaka naona familia kama hii kazini, safari hii ni mlango wa pembeni.

Kazini nna mwenzangu ametoka Gwynedd, kaskazini huko, kijiji cha Llithfaen kwenye mteremko wa mlima Yr Eifl, chini bahari. Nkamwambia habari ya kibao. Akanyamaza kwanza halafu akasema kwao neno Ar Werth lina uchungu mwingine. Kwetu huku Rhondda nyumba zilishuka bei kwa sababu watu waliondoka, kwao zimepanda kwa sababu watu wamekuja, wa likizo. Nyumba ya mchonga mawe inanunuliwa na mtu anayekuja wiki tano kwa mwaka, vijana waliozaliwa pale wanapanga mbali au wanahama kama alivohama yeye. Halmashauri ya Gwynedd wenyewe walitoa hesabu kwamba karibu theluthi mbili ya wakazi bei zishawapita uwezo. Na huko Kiwelshi ndo lugha ya dukani na ya uwanjani, kijana akihama anaondoka na lugha, anayekuja haiongei, shule inapungua watoto. Ya Abersoch, kijiji kingine cha Gwynedd, ilifungwa mwisho wa 2021, wamebaki watoto wasiofika hata kumi. Sensa ya 2021 wanaoweza kuongea Kiwelshi walikuwa asilimia 17.8 tu ya nchi. Ndo maana wana ule msemo kwenye mabango yao, Nid yw Cymru ar Werth, Wales haiuzwi. Toka 1979 mpaka miaka ya 90 mwanzoni kuna kundi lilikuwa linachoma moto nyumba za likizo, zaidi ya 200, jambo ambalo mwenzangu halitetei hata kidogo, ila anasema hasira ilianza zamani na watu wakubwa walichelewa kuisikiliza.

Siku hizi wameanza kufanya kitu. Toka Aprili 2023 halmashauri za Wales zinaruhusiwa kumtoza mwenye nyumba ya pili mpaka asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida ya halmashauri, Gwynedd wakachagua 150. Anayepangisha watalii, ili alipe kodi ya biashara badala ya hiyo, lazima nyumba ipangishwe siku 182 kwa mwaka, zamani ilikuwa 70. Kuna wanaolalamika, na kuna wenyeji waliokuwa na kibanda kimoja cha urithi wamebanwa humohumo, hilo ni kweli nalo nimelisikia. Mi bado niko upande wa sheria. Kijiji bila taa zinazowaka Januari sio kijiji. Na Llithfaen nimeipenda kabla sijaiona, manake baa yao ilipotaka kufa wanakijiji waliichukua wenyewe kama ushirika, 1988, Tafarn y Fic, mpaka leo ni yao, mwenzangu anasema ndo pa mikutano, ndo pa misiba, ndo pa kwaya.

Narudi kwa bibi.

Anayeitaka ile nyumba ni mjukuu wake. Ana miaka 26, anafanya kazi ghalani huko bondeni chini, anakaa kwa mama yake chumba alicholala akiwa mtoto. Alikuja Jumapili kabla hata kibao hakijapigiliwa akakaa jikoni kwangu, akaniuliza mi nlifanyaje. Nkamtolea faili langu lote. Tukapiga hesabu. Kianzio anacho, 12,500 kamili, ameiweka toka ana miaka 18. Kodi ya kununua nyumba Wales haimgusi, manake inaanzia juu ya 225,000. Na hapa ndo nlipomwonyesha kitu ambacho hakukijua, kwamba mtu mwenye nyumba nyingine akija kununua ile ya bibi kwa bei hiyohiyo analipa asilimia 5 toka pauni ya kwanza, ilipandishwa Desemba 2024, yani 6,250 juu. Nlimwona anakaa vizuri kwenye kiti.

Ila wale wanakuja na hela taslimu. Dalali kashasema kuna mtu wa mbali ameulizia, hajaomba hata kuiona ndani, anataka kupangisha, na yuko tayari kumaliza ndani ya wiki nne. Mjukuu anahitaji benki, na benki inatuma mthamini, na mthamini atauona ule weusi chumba cha mbele aandike unyevu, kisha benki ipunguze au ikatae. Mama yake anataka mwanae aipate, lakini ndugu wako watatu na bili ya makao inakuja kila mwezi, hawawezi kusubiri milele wala kumuuzia chini ya bei, manake halmashauri inaweza kuhesabu kwamba mali imetolewa kukwepa malipo.

Sina ninachoweza kubadilisha kwenye sheria. Ila ukuta naujua. Ule weusi uko upande uleule kama wangu ulivyokuwa, na chanzo ni kilekile, lipu ya simenti na mfereji wa paa uliolegea pale tunapopakana, maji ya paa langu na lake yanaingia kwenye bomba moja. Jana jioni nikampigia yule fundi mzee. Amepita themanini sasa, hapandi ngazi, lakini mwanae anapanda, na mzee akasema atakuja akae kwenye kiti amwelekeze. Mfereji tutaulipa nusu kwa nusu, mi na mjukuu. Nimetafuta risiti zangu za 2020 na zile picha za kabla na baada, nimemprintia kijana ampe mthamini mkononi ili aone kwamba huu ukuta unapona na kwa bei gani.

Leo nimepita kwa bibi baada ya kazi. Nkamwambia kijana anaitaka nyumba. Akauliza benki imesemaje, nkamwambia bado. Akauliza kama mtu anamwagilia lile ua lake la nyuma kwenye ngazi, nkamwambia mimi. Akasema lisipewe maji mengi, linaoza mizizi, halafu akasinzia.

Mthamini anakuja Jumanne saa nne asubuhi. Funguo ya bibi ninayo mimi, kwa hiyo nimebadilishana shifti.